Nyanchera Hatoki Hapa

Ukitoka Keroka ukipanda kwenda Gesima, pale kilima inaanza kuuma magoti, utaona mabati imewekwa juu ya miti na chini yake mwanamke ameinama kwa pikipiki. Amefunga kitambaa kwa kichwa, mikono ni nyeusi mpaka kwa kiwiko. Huyo ni Nyanchera, mke wa kijana yangu Ratemo. Waendesha boda wanamwita Mama Kabureta. Kuna wengine wanamwita majina ingine, lakini hao wanangoja kwanza mimi nipite.

Mimi shule niliacha mapema nikaenda kuchunga ng'ombe za baba yangu, kwa hivyo usitafute hapa maneno ya kupakwa mafuta. Nitasema vile nilimwona na macho yangu.

Nyanchera ni msichana wa Mosocho. Baba yake, Mose, alikuwa fundi wa mashine za kusaga mahindi na pikipiki za wakati ule. Mose alikuwa na vijana, lakini hao walipenda kuendesha, si kutengeneza. Huyu msichana ndiye alikaa hapo kwa mafuta. Mose alikuwa anamfunika macho na kofia, anawasha injini, anamuuliza, "Inataka nini?" Msichana anasikiliza. "Inataka hewa, tata," hivyo ndivyo kwetu tunaita baba. Ama, "Inataka petroli." Ni kama mtoto akilia. Mama anajua hii ni njaa, hii ni tumbo. Mtu mwingine anasikia kelele tu.

Sasa Ratemo. Ratemo ni mimi nilizaa, kwa hivyo niko na ruhusa ya kusema. Alikuwa mvivu tangu tumboni, hata kuzaliwa alichelewa. Alimuoa Nyanchera, akaweka hiyo mabati kwa barabara, akajiita fundi. Nyanchera anamletea chakula, anakaa kando kama anangoja sahani, halafu anasema polepole, "Punguza petroli kidogo." Ratemo anazungusha skrubu, pikipiki inanyamaza kukohoa, watu wanasema Ratemo ni fundi kweli. Yeye anakubali sifa. Mimi niliona. Mtu wa kukubali sifa ya mke wake na mdomo imejaa ugali ya mke wake, huyo utamfanyia nini?

Halafu akaenda Nakuru kutafuta spea. Mpaka leo hiyo spea haijapatikana. Nasikia ilipatikana, iko na nywele ya kubandika. Akirudi nitampa chai, kwa sababu ni mtoto wangu, lakini ataikunywa nje kama mgeni wa kuuza neti za mbu.

Watu wa boda walikuja wakamkuta Nyanchera peke yake na spana. Kijana mmoja anaitwa Ian akamuuliza, "Fundi atarudi lini?"

Nyanchera akamwambia, "Fundi hakuenda mahali. Aliyeenda ni bwana yangu. Leta hiyo pikipiki."

Ian alileta. Siku ile ilipanda Gesima na mtu na magunia ya majani chai bila kushukisha mtu atembee. Kesho yake walikuja wengine.

Kazi yake ni kabureta. Nilimuuliza hiyo ni kitu gani, akanifungulia moja kwa kiganja. Ni kadude kadogo kama sufuria ya mtoto kuchezea. Hapo petroli inakutana na hewa kabla ya kuingia kwa moto. Ndani kuna sindano inapanda na kushuka, na kuna katundu kadogo wanaita jeti, hapo petroli inapita. Akaniambia, "Mama, ni kama uji. Petroli ni unga, hewa ni maji. Hizi pikipiki zinatengenezewa watu wa chini, huko hewa ni nzito. Zikifika huku kwetu juu, hewa ni nyepesi. Unga ni ule ule, maji imepungua. Uji inakuwa zito, pikipiki inasongwa."

"Na wewe unafanya nini?"

"Napunguza unga. Nashukisha sindano, naweka jeti ya tundu ndogo, nafungulia hewa. Lakini akishuka chini na hiyo yangu, lazima nirudishe. Huko maji itakuwa mingi, uji itakuwa maji tu, injini ichomeke."

Anachungulia plagi. Ikiwa nyeusi kama sufuria ya maharagwe, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama jivu, hewa imezidi. Anataka rangi ya chai iliyo na maziwa ya kutosha. Hiyo nilielewa mara moja.

Hiyo ya hewa nzito na nyepesi ndiyo sikuamini. Hewa ni hewa. Halafu nikaenda Ahero kuona msichana yangu Celestine, ameolewa huko kwa mashamba ya mchele. Nilibeba maji kwa chupa ya plastiki, nikakunywa nusu hapa Keroka, nikafunga kifuniko vizuri. Kufika Ahero, chupa imebonyea mbavu kama ng'ombe wa kiangazi. Nikagombana na Celestine, nikasema watoto wake wamekalia mfuko yangu. Watoto wakakataa, nikawaita waongo. Nikarudi nayo hivyo hivyo nimuonyeshe Nyanchera tabia ya hao watoto. Kuitoa kwa mfuko hapa nyumbani, chupa imesimama wima, haina kovu.

Nyanchera alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, hakuna mtu aliikalia. Ni hewa ya Ahero iliifinya. Umerudi juu, imeiachilia." Halafu akaniuliza, "Maharagwe ya Celestine huiva haraka kuliko yetu ama sivyo?" Na ni kweli. Celestine anaweka maharagwe kwa moto na kabla ujue zimelainika. Yangu ya hapa unaweza kuzeeka ukingoja. Nilidhani ni kuni.

Sasa nikuambie juu ya Ochoki.

Ochoki ni ndugu mdogo wa bwana yangu Anyona, ambaye alikufa. Kwa hivyo kwa Nyanchera, Ochoki ni baba mkwe. Na kwetu sisi Wakisii, baba mkwe na mke wa mtoto wako na ensoni. Ni heshima na aibu zimefungwa pamoja. Hawasalimiani na mkono. Hawakai benchi moja. Mke wa mtoto hampiti baba mkwe njiani. Akitaka kumpa kitu anapitishia kwa mtu. Na baba mkwe si mmoja. Ndugu zote za bwana yako, na binamu zao, wazee wote wa ukoo, wote ni baba yako.

Ochoki alikuja kwangu Jumamosi, Sabato yetu, baada ya kanisa, bado na Biblia kwa kwapa. Hakukaa.

"Mama Ratemo," akasema, "hiyo maneno ya huyo mke wa Ratemo imenichosha."

"Amekufanya nini?"

"Anashikashika pikipiki za wazee. Mahali baba amekalia, mke wa mtoto anapapasa. Hiyo ni kuvunja ensoni. Ukoo unachekwa mpaka Keroka."

"Nani anacheka? Nipeleke kwake."

"Kesho tunakaa kwa Mzee Nyangate. Atoe vitu zake hapo barabarani. Kama anataka kazi, achune majani chai kama wanawake wengine."

"Na hapo kwa mabati kutawekwa nini?"

Akaangalia Biblia yake. "Ombati anaweza kuweka duka hapo."

Hapo ndipo ng'ombe alilalia. Ombati ni kijana yake, alirudi kutoka Nairobi na simu mbili na hakuna kazi. Ensoni ilikuwa shuka tu ya kufunika duka ya Ombati.

Na uone vile alikuwa amepima. Hii kilima yote ni ya ukoo wetu. Pikipiki nyingi hapa ni za wazee, vijana wanaendesha tu. Nyanchera akikatazwa kushika pikipiki ya baba, atabaki na gani? Watoto wake wanakula kwa hiyo kabureta. Wanasoma kwa hiyo kabureta. Bwana hakuna, shamba ya chai ni mistari kidogo tu. Kumtoa hapo ni kumrudisha Mosocho na watoto akiomba kwa mlango ya ndugu zake.

Nilimwambia Nyanchera jioni hiyo. Hakulia. Alikuwa anaosha mikono na majivu na sabuni. Akasema, "Mama, mimi sitoki hapo." Akaendelea kuosha.

Ochoki naye alikuwa na pikipiki, na hiyo pikipiki ilikuwa inakataa kilima siku nyingi. Kumpa Nyanchera hakuweza, angekula maneno yake. Kwa hivyo Jumamosi hiyo hiyo jua ikizama, Sabato ikiisha, alishuka Ahero kwa fundi wa huko. Asubuhi akatengenezewa. Akapigia watu simu akiwa huko chini, kwamba sasa ameona fundi wa kweli, mwanaume, na pikipiki inaruka kama swara. Na sikatai, huko ilikuwa inaruka. Fundi wa Ahero hakukosa. Alitengenezea hewa yake.

Jumapili mchana tulikuwa kwa mabati, mimi na Nyanchera, anafunga vitu twende kwa Nyangate. Akainua kichwa. Mimi sikuwa nimesikia kitu.

"Mama, kuna moja inakuja imeshiba petroli. Haifiki kona."

Tukangoja. Ikatokea, moshi nyeusi nyuma kama ya kuchoma tairi, inakohoa, inashika, inakohoa. Ni Ochoki, na nyuma amefunga gunia ya mchele wa Ahero. Nilijua mara moja hiyo mchele ni ya kwenda kulainisha Mzee Nyangate. Ikafika mbele ya mabati yetu, ikapiga chafya moja, ikazima. Hapo hapo. Mimi si mtu wa kusema Mungu anafanya mzaha, lakini siku hiyo nilimwangalia juu.

Ochoki akapiga kiki. Akapiga tena. Jasho ikatoka. Nyanchera amesimama na bisibisi kwa mkono, ameangalia kando kwa heshima, kama vile mke wa mtoto anatakiwa.

"Ochoki," nikasema, "kuna fundi hapa."

"Wacha nikae."

"Huwezi kukaa, mkutano ni wako."

Akashika usukani, akaanza kusukuma, na gunia juu. Na sisi tukafuata nyuma. Nyanchera hawezi kumpita baba mkwe njiani, hiyo ni ensoni, na sisi tunashika ensoni sana. Kwa hivyo tulitembea polepole nyuma yake kilima yote. Akisimama kupumua, tunasimama. Akianza, tunaanza. Watu wakatoka kwa nyumba. Mwanamke mmoja akaniuliza kwa ua kama tunasindikiza maiti. Nikamwambia bado inapumua.

Kwa Nyangate wazee walikuwa wamekaa tayari. Nyangate ndiye mkubwa wa ukoo. Magoti yake yameisha, na mdomo yake haijaisha. Akaangalia Ochoki akiingia, shati imeshika mgongo.

"Mbona unasukuma?"

"Ni kilima, tata."

"Kilima ilikuwa hapo hata jana."

Ochoki akafungua gunia kwanza, ndio aseme. Akasema juu ya heshima, juu ya mababu, juu ya wanawake wa siku hizi. Alisema vizuri, siwezi kumnyima hiyo. Wazee wengine walikuwa wanatikisa kichwa kukubali. Wanaume wakisikia neno heshima huwa wanadhani ni yao inaitwa.

Nyangate akasema, "Mke wa Ratemo anasema nini?"

Nyanchera akageukia mimi, mgongo kwa wazee, lakini sauti hakuficha.

"Mama, waambie baba zangu sitoki hapo. Pikipiki ya baba yeyote sijaiendea kwake, zinaletwa. Kama kuna baba hataki nishike yake, sitaishika hata akizimikiwa kwa mlango yangu. Leo wameona. Lakini mabati yangu hakuna mtu atatoa nikiwa hai. Na kama nimevunja ensoni, waseme siku gani nilimgusa mtu. Chuma nimegusa. Mtu sijagusa."

Wote walikuwa wamesikia. Mimi nikarudia hata hivyo, neno kwa neno, na nikaongeza yangu.

"Hapo barabarani ni kwa Anyona. Anyona alikufa, mimi sikufa. Ochoki anagawa shamba ya mjane kama amenizika. Nizikeni kwanza, mtagawa mkitoka kwa kaburi. Na mambo ya ensoni, mimi nilifundishwa na mama ya huyu Ochoki. Kitu ya baba mkwe ikienda kwa mke wa mtoto inapitia kwa mama. Mimi ni mama. Mzee akiona haya, alete pikipiki kwa mlango yangu, mimi nitapeleka. Ikipona nitarudisha. Nani hapa amekatazwa kuja kwa mlango yangu?"

Ochoki akasema, "Wewe unageuza mila kama chapati."

"Mimi nageuza upande iive. Wewe ndio unachoma ya mwingine upake siagi ya Ombati."

Mtu akacheka kule nyuma, akajifanya ni kikohozi. Nyangate akaita Ian, ambaye alikuwa kwa ua na wenzake wa boda. Walikuja bila kuitwa, wakakaa kwa pikipiki zao kama kuku kwa fito.

"Ian, ni wewe hunipeleka kliniki Keroka?"

"Ni mimi, sokoro," akasema, vile tunaita babu.

"Hii pikipiki yako inatengenezwa na nani?"

"Mama Kabureta."

"Ulishawahi kunishukisha kwa kilima nitembee?"

"Bado, sokoro."

Nyangate akageukia wazee. "Mimi miguu hakuna. Nikienda kliniki kwa hiyo pikipiki, nataka kurudi nayo. Ochoki, huyu mama amesema zipitie kwa mlango yake, mimi sioni ubaya. Na shamba ya Anyona iko na mwenyewe, amekaa hapo, tena ana kelele. Mchele nitakula, asante."

Hivyo tu. Kuna wawili walitikisa kichwa wakati wa Ochoki, na hao wakija kwangu kuomba mbegu ya mahindi watapata salamu.

Ochoki hakukubali. Akasukuma pikipiki mpaka kwake, akaisimamisha kwa ukuta. Akaiacha hapo. Majani chai ikaanza kwenda kituo ya kupimia kwa mgongo ya bibi yake, Persis, kikapu baada ya kikapu, na Ochoki nyuma yake anazungumza mambo ya heshima. Persis ni mwanamke mpole. Lakini kikapu ya majani mabichi ikilowa mvua haijui mpole.

Asubuhi moja nasikia kitu inagonga ukuta yangu. Natoka, ni Persis, amesukuma pikipiki kutoka kwao peke yake.

"Mama Ratemo," akasema, "nimekuletea hii. Sijaletea mtu mwingine. Wewe ukiipeleka mahali, mimi sijui."

"Ochoki anajua?"

"Anaoga."

Nikaishika usukani, nikaipeleka mpaka kwa mabati. Nyanchera akafungua plagi, akanionyesha. Nyeusi, imelowa, inanuka. Akafungua kabureta kwa kitambaa safi. "Aliwekewa ya chini," akasema. Akashukisha sindano, akabadilisha jeti, akaiwasha. Akafunga macho kama kwa baba yake, akazungusha ile skrubu ya hewa, kidogo, akarudisha, kidogo tena. Nikasikia hata mimi. Ile sauti ya kusongwa ikatoka, ikabaki sauti moja, laini.

"Inataka kupimwa na mzigo kwa kilima," akasema. Akatafuta gunia na macho. Hakukuwa na gunia.

"Mimi ni nini?" nikamuuliza.

Nyanya ya wajukuu, mzee wa kanisa, nikapanda pikipiki nyuma ya mke wa mtoto wangu. Nikashika kiuno yake, leso nikaifunga chini ya kidevu. Tukapanda. Ile kona iliyomshinda Ochoki ikapita kama si kona. Tukapita kwa lango yake, yeye amesimama hapo na taulo kwa shingo. Sikumpungia mkono. Nilimwangalia tu mpaka shingo ikakataa. Huko juu Nyanchera akazima, akatoa plagi na kitambaa, akanipa nione. Chai ya maziwa.

Pikipiki nilirudisha mimi mwenyewe, Nyanchera akabaki mbali barabarani. Niliiweka kwa mikono ya Persis. Ochoki alikuwa ndani, hakutoka.

Mtu angedhani imeisha hapo. Lakini Ochoki ana biashara ya mchele sasa, anashuka Ahero na kurudi. Na akishuka na sindano ya huku, injini itaungua, hiyo nilimwambia Persis, naye akamwambia. Akirudi na ya huko, atasukuma. Kwa hivyo hana njia ila kupita kwa mabati.

Mara ya kwanza alikuja akasimama ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa nimeketi kwa jerikeni, Nyanchera karibu na mimi, ameshika spana, ameangalia kando.

"Mama Ratemo," Ochoki akasema, "mwambie huyo mtu kesho nashuka Ahero."

"Mtu gani?"

"Huyo hapo."

"Hapa kuna watu. Kuna mimi, kuna Ian. Huyo mtu hana jina?"

Ian akaangalia tairi. Ochoki akaangalia juu, akaangalia chini. Angepanda akaenda. Lakini kutoka hapo mpaka Ahero ni mbali kwa mtu aliye na injini moja tu.

"Nyanchera," akasema.

"Nyanchera nani?"

"Nyanchera fundi. Mwambie Nyanchera fundi kesho nashuka Ahero."

Nikageuka. "Nyanchera, baba yako anashuka Ahero kesho."

"Mwambie aiache kwa mlango yako, Mama."

"Ochoki, anasema uiache kwa mlango yangu."

Akaiacha. Akarudi kwake na miguu, kilima yote, na hakuna mtu alikuwa nyuma yake siku hiyo kwa sababu sisi tulikuwa na kazi.